JIKO LA UGENINI: Pai Haifungwi Ingali Moto



Tulikuwa tumeahidi kwamba mwezi huu safu yetu itazungumzia tui la nazi ya mkebe na namna ya kulizuia lisikatike. Ahadi hiyo tunaiahirisha, na tunawaomba radhi waliokuwa wakiingojea. Sababu ni pai 160 tulizozitupa.

Waliokuwapo ukumbini siku ile wanayajua, na wasiokuwapo bila shaka wamekwisha kuyasikia, kwani habari za namna hii humtangulia mwenyewe kufika nyumbani. Hata hivyo tumeona ni wajibu wetu kuyaandika kama yalivyokuwa, maana sisi tunaoandika safu hii tulikuwa miongoni mwa waliokosea.

Tulikuwa tumepanga kuuza vyakula Jumamosi ili tulipe kodi ya ukumbi wa darasa la Kiswahili la watoto, kodi ambayo ilikuwa imerundikana miezi miwili. Ijumaa jioni akina mama sita walikutana katika nyumba moja. Nyama ya kusaga ilitolewa na mama mmoja ambaye hatutamtaja, kwa fedha aliyoipata kwa kusafisha maofisi usiku. Kazi ilikwenda vizuri. Kinyunya kilikandwa kwa siagi baridi, kima ikaungwa kwa vitunguu, thomu, tangawizi, bizari na pilipili manga, na pai zikatoka ovenini zimeiva, ganda lake likimeta. Ilipofika saa tano ya usiku, kila mtu akiwa na haraka ya kuwahi basi, tulizipanga pai zingali moto ndani ya masanduku ya plastiki, safu juu ya safu, tukavibana vifuniko barabara, tukayaacha masanduku sakafuni jikoni kwa kuwa jokofu lilikuwa limejaa. Tulijiona tumefanya kazi safi. Tukaenda kulala.

Saa nne ya asubuhi, kifuniko cha kwanza kilipoinuliwa, maji yalidondoka kutoka upande wake wa ndani kama dari inayovuja. Pai za juu zilikuwa zimelegea. Za chini zilikuwa chepechepe, ganda limeshikana na ganda. Harufu haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililokaribia kutuponza. Tulikwisha kuanza kuzipangua ili tuzipashe moto, ndipo bibi mmoja, ambaye zamani aliuza sambusa Mombasa kwa miaka mingi, alipotia kidole ndani ya pai iliyokuwa katikati ya sanduku. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hii bado ina uvuguvugu. Imelala na joto lake usiku kucha. Haliki."

Kijana mmoja alimjibu kwa adabu, "Bibi, tukizirudisha ovenini si vidudu vyote vitakufa?" Bibi akasema hajui habari za vidudu, anajua habari za tumbo. Yakazuka majadiliano, na hatuoni haya kukiri kwamba wengi wetu, pamoja na sisi waandishi, tulikuwa upande wa kijana. Tulifikiria kodi ya ukumbi. Tulifikiria mama aliyetoa nyama, ambaye alisimama kando bila kusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno yetu yote. Hatimaye yeye mwenyewe ndiye aliyechukua mfuko wa taka akaanza kuzitia. Siku hiyo tuliuza chai na visheti, tukapata pauni 41.

Tangu hapo tumeuliza, tumesoma, na tumejifunza kwamba bibi alikuwa na haki kabisa.

Pai inapotoka ovenini, kima iliyo ndani yake imejaa unyevu uliogeuka mvuke. Ikiachwa wazi, mvuke hutoka taratibu na ganda hubakia kavu. Ikifungwa, mvuke hauna pa kwenda. Hupanda hadi kwenye kifuniko, hukutana na plastiki iliyo baridi kuliko wenyewe, hurudi kuwa maji, na maji hayo hulidondokea ganda. Hapo ladha imeharibika, lakini mlaji hajadhurika. Madhara yanatoka kwenye jambo la pili, ambalo halionekani kwa macho: pai zilizobanwa pamoja hupashana joto, na zile za katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Wataalamu wa chakula wa nchi hii huuita mwanya ulio kati ya nyuzi 8 na nyuzi 63 za Selsiasi eneo la hatari, kwa sababu humo ndimo bakteria waletao maradhi huzaana kwa wingi. Wakipata uvuguvugu, unyevu na nyama, aghalabu mmoja huwa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Msomaji apendaye hesabu na akae na kalamu yake: kwa saa nane tu, mmoja huyo huweza kuwa zaidi ya milioni 16.

Yuko mmoja hasa anayependa nyama iliyopikwa kwa wingi na kupozwa polepole. Jina lake la kitaalamu ni Clostridium perfringens. Huyu hauawi na upishi wa kawaida, kwani hujifungia katika gamba gumu mithili ya mbegu inayongojea mvua. Chungu kikiepuliwa na joto likishuka, mbegu huota. Wako wengine ambao wakikaa katika chakula huacha sumu, na baadhi ya sumu hizo hazivunjwi na moto hata mtu akikipasha chakula mpaka kikaungua. Hilo ndilo jibu la swali la kijana wetu. Moto wa pili huweza kumuua bakteria lakini usiiondoe sumu aliyokwisha kuitema.

Msomaji mmoja aliyesikia kisa chetu alituuliza, kwa dhihaka kidogo, mbona kwao Tanga walikula kiporo maisha yao yote na hawakufa. Swali lake ni la haki na tunalijibu. Kwanza, si kweli kwamba hatukuugua. Tuliugua tukasema ni mchafuko wa tumbo, au ni maji, au ni jicho la mtu. Pili, sambusa, katlesi na mkate wa nyama huko pwani havikuwa vyakula vya kuwekwa. Muuzaji alikaanga alasiri, akauza alasiri hiyo hiyo, na kilichobaki alikula mwenyewe na wanawe kabla ya kulala. Sambusa haikupata nafasi ya kuwa ya jana. Hapa London tunapika Ijumaa ili tuuze Jumamosi, tunapika Jumapili ili watoto wachukue shuleni hadi Alhamisi, na mapishi ni yale yale ya alasiri moja.

Tatu, tulikuwa na kawa. Vijana waliozaliwa hapa huenda hawajapata kuliona: ni kifuniko cha ukili kilichoshonwa kwa umbo la pia, cha kufunikia sinia ya chakula. Kawa huzuia inzi na vumbi, lakini ukili hupitisha hewa, na mvuke hupata njia ya kutokea. Tulipofika huku tulinunua vifuniko vya plastiki, vizuri vya kupendeza, visivyopitisha hata pumzi, tukavitumia kana kwamba ni kawa.

Hali ya hewa nayo hutudanganya. Mgeni huona kijibaridi cha Novemba akadhani nchi nzima ni jokofu. Tunawajua wanaoacha sufuria kwenye ubaraza wa ghorofa, au sinia kwenye kizingiti cha dirisha, wakiamini kwamba baridi ya Mungu haina bili ya umeme. Jua likitoka saa sita, kizingiti kile kina joto la kutosha kuanika mtama. Na ndani ya nyumba, zile chuma za kupashia joto huifanya jikoni kuwa kama Machi ya Mombasa. Jikoni ya London saa tano ya usiku si mahali baridi.

Ama Waingereza wenyewe, wameishi na pai kwa karne nyingi, na ina mafunzo historia yao. Zamani ganda la pai halikuwa chakula sana. Lilikuwa ni chombo. Lilifanywa nene na gumu ili liishike nyama, liilinde, na liwezeshe kuibeba. Wengine walililivunja wakala cha ndani tu. Wapishi wakagundua kwamba nyama ikiiva hunywea na kuacha uwazi kati yake na ganda, na uwazi huo huingiza hewa na uharibifu. Basi wakawa wanatoboa tundu juu ya pai na kumimina humo mchuzi mzito wa mifupa, ambao ukipoa huganda na kuujaza uwazi. Pai za nguruwe za Melton Mowbray hufanywa hivyo hadi leo. Wengi wa wasomaji wetu hawatazila, wala hatuwaambii wazile, lakini fikra yenyewe ni ya busara. Hata hivyo, pai hizo nazo siku hizi huwekwa ndani ya jokofu, wala muuzaji hategemei ganda peke yake.

Kwa upande mwingine, ipo pai ya watu wa kazi wa London ya mashariki na kusini, ile inayoliwa na viazi vilivyopondwa na mchuzi wa kijani wa majani ya paseli. Duka la M. Manze lililoko Tower Bridge Road ni kongwe kuliko yote yaliyobaki. Mwaka 1902 lilishikwa na Michele Manze, mhamiaji kutoka Ravello, Italia, na lilikuwa kabla yake la baba wa mkewe. Tunalitaja kwa sababu mbili. Moja ni kwamba pai ile hutoka ovenini ikaenda mezani, kama sambusa ya alasiri, haifungwi ikalala. Ya pili tunaisema kwa kujifariji: chakula wanachokiita Waingereza cha kwao hasa, kimelindwa miaka yote hiyo na ukoo wa wageni.

Tusidhani kwamba makosa ni ya wageni peke yao. Mnamo Novemba 1996, katika mji wa Wishaw huko Skotlandi, wazee walialikwa kanisani kula chakula cha mchana cha nyama na ganda la pai. Nyama ilitoka kwa muuzaji mmoja wa hapo mjini, ikiwa imepikwa tayari. Ilikuwa na bakteria aitwaye E. koli O157. Mlipuko ule ulienea kupita karamu hiyo, watu karibu 500 wakaugua na wapatao 20 wakafa, wengi wao wazee. Miaka tisa baadaye, mwaka 2005, bakteria huyo huyo aliingia katika vyakula vya shule za Wales ya kusini. Walioguswa walikuwa zaidi ya 150, wengi wao watoto, na mtoto mmoja wa miaka mitano akafariki. Profesa Hugh Pennington ndiye aliyeongoza uchunguzi wa misiba yote miwili. Katika ule wa Wales ilidhihirika kwamba mashine moja ya kufungia nyama katika plastiki ilitumiwa kwa nyama mbichi na kwa nyama iliyopikwa. Tunawaomba wasomaji walisome tena jambo hilo. Nyama ilikwisha kupikwa. Ilipata sumu wakati wa kufungwa. Kwa hiyo ubao uliokatiwa nyama mbichi, hata ukipanguswa vipi kwa kitambaa, si mahali pa kupangia pai zilizoiva, na mkono ulioshika kima mbichi huoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa sanduku.

Sasa tuseme namna tunavyofanya.

Kima hupikwa kwanza, ikaachwa ipoe katika sinia pana, si katika sufuria. Chakula kilichotandazwa kwa unene wa vidole viwili hupoa mara nyingi kwa haraka kuliko kile kilichorundikwa. Kima ikiwa bado ya moto haitiwi katika kinyunya wala katika manda za sambusa, kwani siagi huyeyuka, manda hulowa zikapasuka, na mpishi hulaumu unga. Pai zikitoka ovenini huwekwa moja moja juu ya wavu wa chuma, hewa ipite chini na juu, bila kugusana. Zifunikwe kwa kitambaa chepesi cha pamba, au kawa kwa aliyenalo. Ndani ya saa moja au mbili ziwe zimepoa na zimeingia katika jokofu. Saa mbili ni ukomo. Asiyeweza kuutimiza ukomo huo apike chache. Pai haitiwi katika jokofu ingali moto sana, kwa kuwa huwapasha joto majirani zake, maziwa na samaki waliolala humo kwa amani.

Jokofu lenyewe liwe na nyuzi 5 au pungufu. Sheria ya Uingereza kwa wauzaji huruhusu hadi nyuzi 8, lakini mlango wa jokofu la nyumba yenye watoto watano hufunguliwa mara ngapi kwa siku? Tulinunua vipimajoto vidogo vya kuwekwa ndani, vya bei ya pauni chache. Katika nyumba saba za wanakamati, majokofu matatu yalikuwa na zaidi ya nyuzi 8, na moja, ambalo ni la mmoja wetu waandishi, lilikuwa na nyuzi 11. Lilikuwa limejazwa hadi hewa haipiti. Tusiiamini namba iliyo kwenye kitasa cha jokofu. Namba hiyo hueleza nguvu ya mashine, haielezi joto lililomo.

Pai ya nyama au ya kuku iliyopikwa nyumbani na kuwekwa vizuri katika jokofu iliwe ndani ya siku mbili. Kinachokusudiwa kukaa zaidi ya hapo kiingie katika friza, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na kiingie siku ile ile ya kupikwa, si siku ya tatu mtu akishaona hakitaliwa. Friza huwalaza bakteria, haiwaui. Chakula kikitolewa kiyeyukie ndani ya jokofu, kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, na kiliwe ndani ya siku moja. Kupasha ni mara moja tu. Na hapa, ijapokuwa hatuzungumzii wali, hatuwezi kuupita: wali uliopikwa upozwe ndani ya saa moja, uingie katika jokofu, na usikae humo zaidi ya siku moja. Mchele nao una mbegu zake zinazostahimili moto. Wapenzi wa wali wa kiporo watuwie radhi.

Kwa sambusa iko njia bora kuliko zote, na akina mama wengi wanaijua kwa ajili ya Ramadhani: hukunjwa, hupangwa mbichi katika sinia bila kugusana, hugandishwa hivyo hivyo, na zikisha kuwa ngumu kama kokoto ndipo hutiwa katika mfuko wa friza na hewa ikakamuliwa. Hazishikamani, na hutolewa kumi kwa kumi. Hukaangwa zingali zimeganda, kwa mafuta ya moto wa wastani, ili ganda lisiwahi kuwa jekundu ilhali moyo ni barafu. Pai pia yaweza kugandishwa mbichi, maadam kima yake ilipikwa na kupozwa, kisha ikaokwa siku ya mauzo. Laiti tungalifanya hivyo Ijumaa ile, tusingalikuwa na habari ya kuandika.

Kuhusu vya kufungia, tuna maneno machache makali. Kila nyumba yetu ina mkebe wa aiskrimu ambao ndani yake hamna aiskrimu. Watoto wetu wamekwisha kuvunjwa moyo mara nyingi kwa kuufungua na kukuta kima. Mikebe hiyo haina ubaya kwa chakula kilichopoa, lakini haikufanywa kwa ajili ya chakula cha moto wala kwa ajili ya joko la mawimbi. Gazeti tulifungie viatu. Wino wake si kitoweo. Mifuko ya taka, hata iwe mipya, si ya chakula, na ile yenye manukato ni mibaya zaidi. Pai iliyopoa huwekwa katika karatasi isiyopenya mafuta, kisha katika boksi la karatasi ngumu. Boksi la karatasi hupumua kidogo, na ganda huendelea kuwa kavu. Sanduku la plastiki linafaa kwa pai iliyokwisha kupoa kabisa na inayokwenda katika jokofu. Wekeni karatasi kati ya safu na safu, wala zisizidi safu mbili.

Safari nayo ina masharti yake. Kutoka Ilford hadi ukumbini kwa basi, foleni zikiwapo, ni saa nzima. Pai baridi isafiri katika mfuko wa kuhifadhi baridi pamoja na vibao vya barafu. Anayetaka kuuza ya moto aiweke katika hotipoti iliyokwisha kusuuzwa kwa maji ya moto, na iwe na nyuzi 63 au zaidi. Mezani, cha baridi kilichotolewa nje ya jokofu kisikae zaidi ya saa nne, na cha moto kilichoanza kupoa kisikae zaidi ya saa mbili. Hicho kinachobaki, ndugu zetu, hakirudi nyumbani kuwa chakula cha Jumapili. Tunajua linavyouma. Na kwa wanaotoka likizo nyumbani: nyama na maziwa, na vyakula vilivyofanywa kwa hivyo, haviruhusiwi kuingizwa Uingereza na msafiri atokaye Afrika Mashariki. Shangazi atakayetia sambusa katika sanduku lako kwa mapenzi, mpokee mapenzi, sambusa ziache ziliwe huko.

Limebaki la maandishi juu ya boksi, na hili halihusu bakteria. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliofungwa tayari katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Ndani ya kinyunya chake mlikuwa na ufuta, ambao mwili wake haukuuvumilia, na karatasi haikuutaja. Alifariki siku hiyo hiyo. Wazazi wake walipigania sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2021: chakula kilichofungwa na muuzaji mahali pale pale anapokiuzia sharti kiandikwe jina lake na vyote vilivyomo, na vile vitu 14 vinavyojulikana kudhuru baadhi ya watu vikolezwe wino. Miongoni mwavyo ni ngano, mayai, maziwa, samaki, karanga, korosho na jamii yake, ufuta, soya na haradali. Someni tena orodha hiyo mkifikiria mkate wa ufuta, kaimati, kashata na samaki wa kupaka. Ni jiko letu zima.

Katika darasa letu yuko mtoto asiyeweza kugusa karanga, na mama yake huja na sindano mkobani. Mauzo ya hisani ya mara moja moja kwa kawaida hayabanwi na sheria kama biashara, lakini mtoto yule hajui tofauti ya hisani na biashara. Basi kila boksi litaandikwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, jina la chakula, vilivyomo, siku kilipopikwa na siku ya mwisho ya kuliwa. Wasomaji kadhaa wametuuliza juu ya tarehe mbili zinazoonekana madukani. Ile inayosema chakula kitumiwe kabla ya siku fulani ni ya usalama, na ikipita chakula hutupwa hata kikinukia vizuri. Ile inayosema ni bora kabla ya siku fulani ni ya ladha, na biskuti iliyopitwa kwa wiki moja haimdhuru mtu. Pai ya nyama ni ya tarehe ya kwanza.

Kwa wale wachache miongoni mwetu wanaouza kila wiki, maofisini au vinyozini, hatuna budi kusema waziwazi: jiandikisheni kwa halmashauri ya mtaa wenu. Huandikwa siku 28 kabla ya kuanza, hakuna malipo, na halmashauri haiwezi kuukataa uandikishaji wenyewe. Mkaguzi atakuja kuangalia jiko. Mama mmoja aliogopa hilo kwa miaka mitatu, akidhani mkaguzi ni mtu wa Uhamiaji. Alikuja mwanamke mmoja na kipimajoto, akakaa saa moja na nusu, akamwambia abadilishe ubao wa kukatia na aanze kuandika joto la jokofu kila siku katika daftari. Sasa wateja wake ni wengi kuliko awali, kwa sababu ofisi iliyokuwa ikisitasita ilitaka tu kuiona karatasi.

Mauzo yajayo yatakuwa Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, na kodi ya ukumbi bado inatungojea. Upishi utaanza Ijumaa saa nane ya mchana badala ya saa moja ya usiku, ili pai zipate muda wa kupoa kabla watu hawajaanza kutazama saa. Anayekuja aje na wavu wa chuma, na mwenye nafasi katika jokofu lake atujulishe mapema. Tunahitaji majokofu manne. Mama wa nyama alijitolea tena kununua kima. Kamati imemkatalia, na nyama imechangwa na kaya 12. Yeye amepewa kazi ya kushika kipimajoto, na bibi amesema atakuja na kawa lake.